Mzee Libère Aliomba Nyota

Elkana Oloo ana tabia moja inayoniudhi. Ukimwambia jambo, hulirudia neno kwa neno kabla ya kukujibu. "Auntie, umesema Jumamosi, sivyo?" Ndiyo, Jumamosi. "Si Jumapili?" Mwanzoni nilidhani ni ubishi tu wa watu wa kwao Kisumu, ambao wakianza mjadala utachemsha githeri iive na bado hawajamaliza. Baadaye nilijua tabia hiyo ilitoka wapi, na tangu hapo namjibu mara mbili bila kuguna. Au naguna kidogo.

Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa ambayo ukiiona utadhani ni ya kupakua magunia bandarini. Kumbe kazi yake ni kulisha wazee kwa kijiko. Ni mhudumu katika nyumba moja ya wazee huku Penrith, pembeni mwa Sydney. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawabadilisha, na wengine humtukana kwa rangi yake huku yeye akiwafunga vifungo vya shati. Mimi nafanya usafi hospitali, Westmead. Tulijuana kwenye treni ya alfajiri, tukajikuta tunasali pamoja: fellowship ya Kiswahili, Wakenya na Wakongo na yeyote anayeelewa, Jumapili alasiri, katika ukumbi tunaoazimwa na Waanglikana. Mimi ni Wanjugu, nimemzidi umri kiasi cha kumkaripia, na huwa namkaripia.

Baba yake alifariki mwaka wa kwanza wa korona. Wale waliokuwa hapa wanakumbuka hali ilivyokuwa: kutoka nchini uombe ruhusa, kurudi usubiri ndege isiyokuwepo halafu ufungiwe hotelini. Elkana aliomba. Jibu lilipofika, mzee alikuwa ameshazikwa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume aliyatazama mazishi kwenye simu, akiwa amevaa suti kamili sebuleni kwake, peke yake. Lakini si hilo lililomvunja. Siku ya mwisho, wodini kule Kisumu, dada yake alimrekodia baba sauti kidogo. Inasikika hewa ya oksijeni ikivuma, dada analia, halafu baba anasema neno. Neno moja, nalo limemezwa na ule mvumo. Elkana alimuuliza dada yake, "Alisema nini?" Dada hakujua, alikuwa akilia. Elkana aliisikiliza ile sauti kwenye treni, akaisikiliza jikoni, akailalia. Ndugu zake walilia wakamaliza. Yeye hakumaliza, kwa sababu ya lile neno.

"Auntie," aliniambia siku moja tukiwa tunangoja treni, "hakuna mzee mwingine atakayesema neno mbele yangu nisilisikie."

Ndipo ilipoanza ile tabia ya kurudiarudia. Na ndipo tulipofika kwa Mzee Libère.

Mzee Libère Ndikumana alikuwa Mrundi, mzee wetu wa fellowship. Alifika Australia kutoka kambi za Kigoma. Mke wake alifia hapa na watoto hawakujaliwa. Kiswahili alikijulia kambini, akakipenda kuliko sisi tuliokikuta nyumbani. Mkongo wetu Dieudonné akisema "batu" badala ya "watu", mzee alimsahihisha katikati ya maombi. Mimi nikichanganya Kiswahili na Kikuyu na Kiingereza, aliniangalia kama mtu aliyemwaga maziwa. Kirundi hatukuwahi kumsikia akikisema. Warundi wenzake, familia ya Niyonsaba, walihamia Brisbane, na baada ya hapo mipaka ya majimbo ikawa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa choo cha stendi.

Alikuwa na hadithi yake moja. Walipokimbia vita, walitembea usiku na kujificha mchana kwenye migomba, na mke wake ndiye aliyetangulia, akifuata nyota moja iliyokuwa upande wa Tanzania. "Nyota ile," alikuwa akisema, "nimeitafuta hapa Sydney. Taa zimeifukuza." Kila mara tulicheka, na kila mara alituacha tucheke.

Halafu, Februari ya mwaka wa pili wa korona, kiharusi kikampiga. Kikachukua upande wa kulia, kikachukua ulimi, kikachukua na koo. Kutoka hospitali alipelekwa kwenye nyumba ile ile anamofanya kazi Elkana, na sisi tukasema Mungu ni mwema.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yao, maana bila hilo hutaelewa kitu. Mtu ambaye koo lake limelegea, maji mepesi yanaweza kumponyoka yakaingia mapafuni na kumuua. Kwa hiyo hapewi. Chai yake, juisi yake, hata maji yenyewe, hutiwa unga maalumu na kukorogwa mpaka yawe mazito kama mlenda, ndipo alishwe kwa kijiko. Ndivyo alivyolishwa Mzee Libère. Kijiko kikija alifumba mdomo na kugeukia ukutani. Elkana alimbembeleza, akamwimbia, akapata vijiko vitatu siku njema na kimoja siku mbaya.

Maneno nayo yalimtoroka yote yakabaki mawili matatu. Yesu lilibaki. Na lilibaki hili: nyota. Alilisema asubuhi, alilisema mchana, alilisema akipanguswa mdomo, huku mkono wake mzima ukielekea dirishani. Alilianza kwa i ya kuvuta, "iii-nyota", na Elkana aliichukulia ile i kuwa mguno wa maumivu.

"Anataka kuona nyota," alituambia Jumapili, na uso wake uling'aa kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. "Nimelisikia mwenyewe, Auntie. Nikamuuliza, nyota, Mzee? Nyota? Akanishika mkono akalia."

Tungetilia shaka nini? Neno lilikuwa la Kiswahili, msemaji tulimjua, hadithi ya mke wake tuliijua. Mimi sikuruhusiwa kumwona. Nafanya kazi hospitali, na pale mlangoni waliniangalia kana kwamba virusi nimevibeba kwenye mkoba. Dieudonné alimwona mara moja, kupitia kioo cha dirisha, wakapungiana mikono. Ya mzee yote tuliyapata kwa kinywa cha Elkana. Na nani angefikiria kumpigia Mrundi simu Brisbane kumuuliza maana ya neno la Kiswahili?

Basi tukapanga safari. Fellowship nzima, magari matatu, mpaka juu milimani kupita Blackheath, ambako taa za mji hazifiki na mtu akiinua uso anaona mbingu yote. Tulichagua majira ya giza kuingia mapema ili mzee arudishwe kitandani kwa wakati. Safari ya kwanza ilizimwa na mvua iliyonyesha wiki nzima mpaka uani kwangu vyura wakahamia. Ya pili, mbingu zilikuwa safi kama sahani iliyooshwa, lakini nyumba ya wazee ilifunga milango kwa sababu mpishi mmoja alikuwa na homa. Kumbe mafua. Jioni ile nilitoka nje kuanua nguo, nyota ziko wazi juu ya Penrith, zile chache zinazozishinda taa, nikazitukana moja moja.

Mzee alikuwa akiisha. Macho yalizama, midomo ikapasuka, ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Na Elkana alikonda pamoja naye. Alinipigia simu nikiwa kazini, nikajificha kwenye stoo ya mafagio kumsikiliza.

"Auntie, anakufa. Na anachokitaka kiko bure, kipo kila siku juu ya paa, na mimi siwezi kumpa."

"Elkana, wewe si Mungu."

"Baba yangu sikumsikia. Huyu nimemsikia. Nikishindwa na huyu pia, Auntie, mimi ni mtu wa nini?"

Nilibaki nimeshika fagio kama mjinga.

Ikaja wikendi ndefu ya Juni. Melbourne walikuwa wametoka kufungiwa kwa mara nyingine, na kila mtu Sydney alijua zamu yetu haiko mbali. Mlango ukifungwa tena, mzee atafia ndani. Lakini utabiri wa hewa ulikuwa umevurugika. Falone, binti wa Dieudonné, alikuwa na simu mkononi, na kila saa alitusomea jambo jipya. Mawingu. Mawingu kiasi. Mvua. Huenda mvua. Wanafellowship wakaanza kupungua kama wanga kunapokucha: huyu mtoto anakohoa, yule gari lina tatizo. Tukabaki wanne na mzee.

"Dad, it's seventy percent rain by six," Falone alisema.

"Septante ni septante," Dieudonné akajibu. "Ile trente inabakia ni ya Mungu. Mama Wanjugu, parapluie iko, bâche iko, couverture mi nalibeba tatu. Twende tu." Mwavuli, turubai na blanketi; Kifaransa chake tulishakizoea.

"Twende," Elkana akasema. "Tukingoja mbingu ziamue, tutamzika."

Nesi wa zamu, Mnepali mmoja mwenye roho nzuri, alimvisha mzee sweta mbili na barakoa, akatupa chupa ya chai iliyokwisha kukorogwa nzito. Akamnyooshea Elkana kidole. "Back by eight. And nothing thin, okay? Nothing."

"Nothing thin," Elkana akarudia, kama kawaida yake: hakuna maji mepesi.

Alimbeba mzee mikononi mpaka kwenye van ya Dieudonné, kiti cha magurudumu tukakikunja nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Mzee Libère tangu Februari, na niligeuza uso nisije nikalia mbele yake. Ndani ya shati hapakuwa na mtu. Palikuwa na mifupa na macho mawili. Nilimshika mkono njia nzima. Barakoa ilimfika machoni, naye hakusema kitu, au kama alisema, injini ya Dieudonné ilimeza.

Kabla ya kufika Katoomba matone yakaanza kugonga kioo. Vifuta maji vilikwenda na kurudi, na kila vilipokwenda nilimwona Elkana, aliyeketi kando ya Dieudonné, kwenye kioo cha dereva akiwa amefumba macho, midomo inacheza. Baada ya Blackheath mvua ikakoma. Dieudonné akapiga kelele ya haleluya iliyomshtua mzee.

Tulifika kwenye ukingo wa kutazamia bonde. Giza lilikuwa limeshaingia na baridi ilikuwa ile ya kuuma meno. Hapakuwa na mtu mwingine. Watu wenye akili walikuwa majumbani kwao. Tukamketisha mzee kwenye kiti chake, blanketi tatu, tukamshusha barakoa apate hewa, tukamwelekeza bondeni. Mbele yetu palikuwa na weusi mtupu, na juu yetu weusi mwingine. Nyota, hata ya dawa, hakuna.

Tukangoja. Dieudonné alianza kuomba kwa sauti, akamkumbusha Mungu kwamba Eliya aliwahi kuzifunga mbingu mvua isinyeshe, na sisi hatuombi miaka mitatu na nusu, tunaomba robo saa. Falone alipiga miguu chini kwa baridi. Elkana alisimama nyuma ya kiti, mikono yake mikubwa juu ya mabega ya mzee, uso juu.

"Fungua," nilimsikia akisema. Hakuwa akituambia sisi. "Fungua kidogo tu. Nimekuomba nini kingine mwaka huu? Fungua."

Nisifiche: niliogopa. Nilijua mzee huyu anakufa, na nilijua kijana huyu akirudi na mkono mtupu hatapona. Nami nikaomba, tena kwa Kikuyu, maana mambo mazito siyawezi kwa lugha ya kujifunza.

Na mbingu zikafunguka. Kweli. Upande wa bonde wingu lilichanika, tundu dogo kama la shuka kuukuu, na ndani yake nyota moja kubwa, kavu, inawaka.

"Mzee!" Elkana alipiga magoti kwenye matope. "Mzee wangu, ile pale! Nyota! Umeiona? Nyota, ile pale!"

Mzee hakuangalia. Elkana alimwinua kidevu, taratibu, akamwelekeza. Mzee akakirudisha chini. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa van uliobaki wazi, pale maji ya mvua yalipokuwa yakikusanyika ukingoni na kudondoka, tone, halafu tone. Akanyoosha mkono wake mzima kuelekea huko.

"Si huko, Mzee. Juu. Ile nyota uliyoomba."

Tundu likafumba. Kwa muda Elkana alibaki amepiga magoti vile vile, kidole kimeelekea palipokuwa na kitu.

"Hakuiona," alisema. "Auntie, hakuiona. Imekuja na hakuiona."

Ndipo mvua ilipomwagika. Si manyunyu, mvua yenyewe, ya kushuka kama imetumwa. Falone alikimbilia garini. Dieudonné aligombana na bâche yake na upepo. Elkana alifungua mwavuli akamkinga mzee, mimi nikainama kufungua breki za kiti tumsukume haraka. Na Mzee Libère, mtu ambaye hakuwa na nguvu za kushika kijiko, akaupiga ule mwavuli kwa mkono wake mzima. Akaupiga tena ukamwinamia Elkana. Akainua uso, akafungua mdomo, akatoa ulimi nje kama mtoto.

"Iii-nyota," alisema. "Inyota."

Sikio langu lilikuwa karibu na mdomo wake. Kwa mara ya kwanza nililisikia kutoka kwake mwenyewe, na sikulisikia kwa Kiswahili. Nililisikia kwa masikio ya Nyeri. Mama yangu alipotoka shambani aliketi kizingitini akavuta neno hilo hilo, nyoota, na mtoto aliyekuwa karibu alikimbilia mtungi. Kwa Kikuyu hiyo si nyota ya mbinguni. Hiyo ni kiu.

"Elkana," nilisema. "Hasemi nyota."

"Anasema nyota, Auntie! Hata wewe umesikia!"

"Nimesikia. Kwetu hilo neno ni kiu. Labda na kwao. Mpigieni Niyonsaba. Sasa hivi!"

Falone alipiga simu akiwa mlangoni mwa van, akaja nayo mbio chini ya koti lake, sauti imefunguliwa. Niyonsaba alikuwa mezani Brisbane, vijiko vinasikika. Nilimpigia kelele swali langu juu ya mvua.

"Inyota?" alisema. "Mais c'est la soif, ça! Ni kiu, Mama. Ile nyota ya juu sisi tunaita inyenyeri. Kwani nani iko na kiu?"

Falone aliisogeza simu kwenye sikio la mzee, na Niyonsaba, akidhani labda mzee amekuja kumsalimu, akamuuliza kwa heshima na kwa lugha yao: "Mutama, mufise inyota?"

Mzee Libère alifumba macho. Tangu Februari hakuna aliyemuuliza swali ambalo yeye mzee aliweza kulijibu.

"Ego," alisema. Ndiyo. "Ego, ego, ego."

Nimeona watu wakipokea habari mbaya. Kazi yangu ni kwenye korido za hospitali. Sijaona uso kama ule wa Elkana. Alikuwa ameshika mwavuli, maji yanamtiririka kwenye pua, na midomo yake ikarudia kama kawaida yake, neno kwa neno. "Kiu. Ana kiu. Amekuwa akiniambia ana kiu." Halafu akasema, taratibu, "Dirishani kwake kuna bomba la bustani, Auntie. Mtunza bustani anamwagilia pale kila asubuhi. Nikadhani anaonyesha juu."

"Hukujua."

"Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Alikuwa akisema kiu, mimi namtia mlenda mdomoni." Na akapiga kelele moja ambayo sikutaka kuisikia, ile ya mtu mzima anapokosa pa kushika.

Mzee alikuwa angali ametoa ulimi.

Elkana aliutazama mwavuli. Alijua sheria kuliko sisi sote: nothing thin, alikuwa ameirudia kwa mdomo wake. Aliujua ubaya wa maji mapafuni, ameona watu wakizama kitandani kwa kikombe kimoja. Nilimwona akilipima lile jambo na sikumsaidia. Akaushusha mwavuli. Akaukunja, akauweka chini.

Halafu akafanya kazi yake. Alipiga magoti, akamwinamisha mzee kidevu kama alivyofundishwa, akakinga mvua kwa kiganja kimoja, akachovya kidole cha mkono wa pili na kudondosha tone kwenye ulimi. Akangoja koo lipande na kushuka. Tone jingine. Akangoja. Mzee alikohoa, sote tukaganda. Akakohoa tena, akameza, akafungua mdomo kutaka zaidi. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Nilikuwa nimeisema methali ile maisha yangu yote na sikuwahi kuiona. Dieudonné alikuwa ameacha kuomba mvua ikome. Alisimama na bâche yake mikononi haina kazi, analia bila aibu, sote tumelowa mpaka mifupani, na hakuna aliyetaka kwenda.

Tulichelewa kurudi. Nesi alifoka, na alikuwa na haki. Elkana hakujitetea, alimwambia neno moja moja lilivyokwenda, mpaka nesi akaketi. Wiki ile ile alikuja mtaalamu wao wa kumeza, akampima mzee upya na kuruhusu maji ya kawaida, kijiko kidogo kidogo, mdomo ukishasafishwa, mtu akiwa kando. Kando alikuwa Elkana. Kabla Juni haijaisha Sydney ikafungwa, milango ya nyumba za wazee ikafungwa kwanza. Mzee Libère alikunywa vijiko vyake mpaka Agosti, mapafu yakamshinda, akaenda. Kama ni ile mvua au ni vijiko au ni ugonjwa wenyewe, hakuna aliyetuambia, na Elkana aliuliza. Makaburini waliruhusiwa watu kumi. Hatukufika kumi.

Ningependa kusema kijana alipata amani. Watu wa kanisani walimwambia hivyo: ulimnywesha mwenye kiu, thawabu yako iko mbinguni. Aliitikia amina. Lakini baada ya mazishi, kwenye benchi la makaburi, barakoa zimetufunika nusu, alitoa simu yake mfukoni.

"Auntie, wewe una masikio. Sikiliza hii."

Nilijua ni nini kabla hajaibonyeza. Hewa ya oksijeni ikavuma. Dada akalia. Halafu pale katikati ya mvumo, lile neno la baba yake, fupi, limeisha kabla hujalishika.

"Siku zote nilidhani ananiita jina," Elkana alisema. "Au ananibariki. Nilikuwa nalisikiliza nikitafuta baraka." Akaongeza sauti ya simu. "Kwetu Wajaluo maji ni *pi*. Sikiliza. Anasema *pi*. Alikuwa na kiu, Auntie. Dada yangu ameshika simu, mimi nangoja baraka, na mzee anaomba maji."

Akabonyeza tena. Nilifumba macho nikasikiliza kwa masikio yote niliyo nayo, ya Kikuyu na ya Kiswahili, na nilisikia upepo tu.

"Umesikia *pi*?" aliniuliza. "*Pi*, sivyo?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sikusikia kitu. Akatikisa kichwa, akapangusa kioo cha simu kwa shati lake, akaniwekea sikioni mara nyingine.